Jina la mzee limetoka kwenye orodha: aanzie wapi?

SWALI: Mama ana miaka 74 na alikuwa akipokea zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wazee. Pesa zilikatika, na alipouliza akajibiwa kwa mdomo tu kwamba jina halimo. Je, msaada huu ni hisani, au kuna sheria ya kushika?
– Msomaji, Kilifi

JIBU: Si hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali imhudumie asiyeweza kujikimu. Ila kinachomfaa mama yako sasa hivi ni Kifungu cha 47: anayeumizwa na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya hatua za kiutawala ya 2015 inaipa ofisi siku 30 kujibu. Ikinyamaza, huchukuliwa kwamba haikuwa na sababu ya maana, mpaka ithibitishe vingine.

Kwanza hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho vinalingana na vya akaunti yake. Vikilingana, mwandikie barua fupi ya kupeleka kwenye ofisi iliyomjibu, Kiswahili chatosha:

“Mimi ____, kitambulisho nambari ____, nilipokea malipo hadi mwezi wa ____. Kwa mujibu wa Kifungu cha 47, naomba sababu za kusimamishwa, pamoja na nakala za karatasi zilizotumika kuamua.”

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani. Wengi hukwama hapa: bila muhuri, siku 30 hazina pa kuanzia kuhesabiwa.

Kama mama hajui kusoma, asirudishwe. Sheria ya kupata habari ya 2016 inamtaka afisa aliandike ombi lake la kupewa karatasi hizo na kumpa nakala ya ombi, kisha alijibu ndani ya siku 21. Kuomba hakulipiwi, gharama ni ya kutoa nakala tu. Akinyimwa habari hizo, ana siku 30 kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Hata kesi ya kudai haki za Katiba, Kifungu cha 22 kinakataza kutozwa ada ya kuifungua.

SWALI: Kikundi chetu cha wazee kinataka 2,000 ziongezwe, na kiwango kiandikwe kwenye sheria. Twende kortini?
– Mwenyekiti, Machakos

JIBU: Kwa kiwango, korti si njia nzuri. Kifungu cha 20(5) kinaibebesha serikali mzigo wa kuthibitisha kwamba pesa hazipo, lakini kinamzuia jaji kubatilisha mgao kwa sababu tu yeye angegawa vingine. Pa kwenda ni Bunge. Kifungu cha 119 kinamruhusu kila mtu kuliomba litunge, libadilishe au lifute sheria.

Ombi hilo, yaani ardhilhali, huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au taipu, kwa lugha ya heshima na bila kufutwafutwa. Mnalipeleka kwa Karani wa Bunge wenyewe, au mbunge wenu analiwasilisha. Semeni kama jambo liko mahakamani. Mwisho wekeni ombi lenyewe waziwazi. “Tusaidiwe” halitoshi, semeni ni kiwango gani, kwa nani, na kipitiwe upya kila baada ya muda gani.

Saini ndizo huharibu kazi. Kila mmoja aandike jina, anwani, nambari ya kitambulisho na saini (au dole gumba) moja kwa moja kwenye karatasi za ardhilhali, na kila ukurasa uwe na kichwa cha jambo linaloombwa. Msikusanye majina kwenye daftari kisha mkayabandika, hayo hayahesabiki.

Lazima pia mweleze mlikopeleka shida kabla ya kufika Bungeni, na mlijibiwa nini. Barua na hati za kiapo haziambatishwi, kwa hiyo tarehe ya kila barua na jibu lake ziandikwe ndani ya ardhilhali. Nakala zenye muhuri zibaki kwa katibu wenu, zisubiri siku kamati itakapowaita.