Kabla Hujafungua Saa, Legeza Kamani

Juzi nimepata ujumbe wa kijana wa Malindi. Ameifungua saa ya ukutani ya babu yake, ile ya kutia ufunguo, akaisafisha na kuifunga, sasa gurudumu moja dogo limebaki juu ya meza. "Kaka, nilitie wapi?" Jibu fupi: halitaingia mpaka ufungue tena. Jibu refu linanirudisha kwenye kovu la kidole changu cha shahada.

Miaka tisa nyuma nilikuwa najiita fundi saa hapa Langoni, Lamu, na nilichokijua ni betri na mikanda. Bi mmoja jirani akaniletea saa ya marehemu mumewe, imesimama. Nikafungua nati nne za pembeni, nikanyanyua bamba la juu. Kamani, ile springi inayoipa saa nguvu, ilikuwa imejaa. Saa ile ukiitia ufunguo leo inakwenda siku nane, na nguvu ya siku nane ilitoka yote kwa mpigo mmoja. Magurudumu yaliruka, meno matatu yakalala, kidole kikachanika. Bi hakunigombeza. Alimtuma mjukuu na kikapu achukue vipande, vikapelekwa kwa fundi Mombasa. Barazani nikasikia watu wakisema nimemuua marehemu mara ya pili. Mpaka leo nikimwamkia huitikia "marahaba" na kupita, haniulizi hali ya nyumbani.

Miaka ya kujifunza sitaisimulia. Nilinunua saa mbovu, nikafungua na kufunga, basi.

Jumamosi iliyopita nimemaliza saa ya familia moja ya Mkomani, na nasema wazi kwamba naionea fahari. Kuna mtu aliitia mafuta ya nazi. Mafuta yale hukaa yakawa gundi, vumbi likanasa, na hewa ya chumvi ikala ncha za chuma za mihimili ya magurudumu. Kwanza nikalegeza kamani: ufunguo mkononi, nauzungusha kidogo kubeba uzito, naondoa kilimi, kile kijipande kinachozuia kamani isijifungue, kwenye meno yake, kisha nauachia ufunguo urudi kidogo kidogo kiganjani mpaka kamani iishe nguvu. Kamani zilikuwa mbili, ya mwendo na ya kengele, na zote nilizilegeza. Nikapiga picha kila hatua. Magurudumu ya mwendo nikayaweka sahani moja, ya kengele sahani nyingine. Kijana wangu, ungefanya hivi gurudumu lako lisingekuwa yatima.

Kufunga ndiko kunakomaliza subira. Bamba la chini unalilaza, magurudumu unayasimamisha kila moja kwenye tundu lake, halafu unashusha bamba la juu. Ncha zote ziingie matunduni, na kila ukiipata moja nyingine inatoka. Mimi huanza upande wa kamani, nafunga nati ya pembe ile kwa vidole tu, kisha naziongoza nyingine kwa kibanio, moja moja. Usikandamize. Ncha nyembamba kama sindano ukiikandamiza inavunjika, na saa ya watu imekwisha. Nilitumia saa nzima na robo kwa bamba lile.

Halafu kengele. Ikiwa imetulia, mkia wa nyundo usiguse pini yoyote ya gurudumu linaloinua nyundo. Ukiwa umeinuliwa nusu, kengele haitapata nguvu ya kuanza. Yangu ilikosea jino moja. Nikalegeza pembe moja ya bamba, nikasogeza gurudumu, nikafunga. Wenyewe wanaitaka ifuate saa zetu: saa moja asubuhi akrabu fupi iwe kwenye 1, igonge mara moja. Nikaisikiliza mzunguko wote, pamoja na nusu saa zake: mara 90 kwa saa kumi na mbili, bila kukosea.

Mafuta ni tone dogo kwenye kila tundu la ncha, mafuta ya saa. Meno ya magurudumu yabaki makavu. Narudia: makavu.

Vijana wenzangu, tunataka kuitwa mafundi kabla hatujajua kushika kitu cha mtu. Saa ya ukutani ni sauti ya nyumba. Mtu amezaliwa akiisikia, baba yake amefariki ikigonga. Usiifungue kwa papara. Legeza kamani kwanza. Kama hujui kilimi kiko wapi, usiguse nati hata moja.

Na ukiitundika, sikiliza. Tik na tak zilingane. Zikichechemea, sogeza kitako cha saa kushoto au kulia kidogo, mpaka zilingane. Saa ya yule Bi ilirudi kutoka Mombasa, iko ukutani kwake, na kichochoro chetu ni chembamba. Usiku naisikia dirishani inachechemea. Kuisogeza kidogo tu kungetosha. Sijaombwa.

Wewe wa Malindi, nitumie picha ya gurudumu lenyewe na ya mabamba yote mawili. Kamani ilegeze kwanza.