Jibu: SET-65 na 65-76 si topido moja

Ndugu, salaam. Umeuliza kama SET-65 na 65-76 za Kisovieti ni topido (silaha ya mlipuko inayojiendesha majini) moja, kwa kuwa zote zina tarakimu 65, na ni ipi iliyoiangamiza nyambizi ya Urusi, Kursk. Si moja, ingawa kosa hilo nililifanya hata mimi nilipokuwa nikipanga daftari langu la silaha za majini.

Tazama kwanza jina linaanzaje. Likianza na tarakimu, kwa kawaida sehemu ya kwanza ni kipenyo kwa sentimita na ya pili ni mwaka. Katika SET-65, tarakimu ni mwaka tu. Hiyo ni topido ya umeme yenye kipenyo cha milimita 533, ilhali 65-76 ina milimita 650 na urefu wa takribani mita 11, wala haiingii katika mirija ya kawaida ya kurushia topido.

Kuhusu Kursk, uchunguzi wa Urusi uliitaja 65-76 ya mazoezi, ambayo haidrojeni peroksaidi yake (kemikali ya kuiendesha) ilivuja na kulipuka tarehe 12 Agosti 2000 katika Bahari ya Barents. Dakika mbili hivi baadaye topido nyingine zililipuka kwa pamoja, na mabaharia wote 118 wakafa. Waingereza walikwisha kuonja hatari ya kemikali hiyo mwaka 1955, topido ilipolipuka ndani ya nyambizi yao HMS Sidon. Usiichanganye 65-76 pia na topido ya 53-65K, ambayo hutumia oksijeni na mafuta ya taa.