Kwaya yenu inataka kuimba oratorio? Msianze na Haleluya

Kila ikikaribia Pasaka napata meseji za walimu wa kwaya wenzangu, wa hapa Dodoma mjini na wengine mpaka Kongwa na Mpwapwa, "mwalimu naomba solfa za Haleluya ya Handel." Natuma hizo solfa, yaani noti za do-re-mi, ila siku hizi nauliza kwanza, mnajua kinachoimbwa kabla ya Haleluya kwenye Masihi, ile oratorio ya mtunzi Handel?

Sisi hatukujua. Tulitoa kopi, tukagawana sauti nne, tukafanya mazoezi wiki tatu tukasimama mbele ya waumini, na pale kwenye "Mfalme wa Wafalme" ambapo sauti ya kwanza wanashikilia noti ndefu inayopanda ngazi kwa ngazi wakaanza kupiga kelele, besi wakaongeza spidi, kila mtu akamaliza kivyake. Iliniuma sana, maana ule wimbo ni wa kumtangaza Mungu jamani.

Oratorio ni stori takatifu inayoimbwa mwanzo mwisho, ina solo, ina kwaya, ina vyombo, ila kwa kawaida hakuna kuigiza wala mavazi. Jina limetoka Roma kwenye chumba cha sala cha Mtakatifu Filipo Neri, huko miaka ya 1500 watu walikuwa wanakutana kusali, kusikiliza neno na kuimba. Sasa Masihi ya Handel ina sehemu 3 na Haleluya inafunga ya 2, yaani unabii, kuzaliwa, mateso, kufa na kufufuka vyote vimeshapita. Ukiirukia moja kwa moja ni kama kupiga vigelegele na bibi harusi hajatoka kwao.

Kwa hiyo ushauri wangu, anzeni na resitativo, ile sehemu mtu mmoja anasimulia kama anaongea. Sisi ya kwanza ilikuwa "Watulizeni mioyo" ya Isaya 40, wa sauti ya tatu ndo anaianza. Kosa nililofanya ni kuiongoza kwa mkono kama wimbo wa gwaride, ikawa imekauka kabisa. Aliyenifungua ni mama mmoja wa alto (sauti ya pili) mwenyeji wa Mvumi, akaniambia mwalimu mwache asimulie, mbona mzee wa zeze kwetu anasimulia na zeze linamsubiri? Nikamwambia mpiga kinanda ashike kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) atulie amsubiri mwimbaji, na siku hiyo hiyo tukaipata. Sisi wa huku mtu kuanzisha na wengine kumpokea tumekulia nayo, tuitumie.

La pili ni maneno, na hapa ndo kwaya nyingi zinaharibu. Charles Jennens aliyepanga maneno ya Masihi aliyatoa kwenye Biblia, kwa hiyo na wewe fungua Biblia yako usihangaike kutafsiri Kiingereza. Ila silabi zetu ni nyingi, "maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa" haiingii kwenye noti zile hata ufanyeje, tukaifupisha ikawa "kwetu mtoto kazaliwa". Alafu angalia mkazo, Kiswahili kinakaza silabi ya pili toka mwisho, kwa hiyo ule mfululizo mrefu wa noti uweke kwenye "li" ya kazaliwa, "wa" isubiri noti ya mwisho. Vivyo hivyo "kila bonde litainuliwa", mbwembwe zote ziende kwenye "li" ile ya karibu na mwisho. Mwanzoni tuliziweka kwenye "nu" na hakuna muumini aliyeelewa tunaimba nini.

Muda nao msijidanganye. Handel aliandika Masihi kwa siku 24 mwaka 1741, sisi vipande vinne tu vilitula miezi mitano, na mazoezi ni jioni baada ya kazi, watu wanatoka Nzuguni na Nkuhungu wamechoka na vumbi la upepo limewakausha koo. Njooni na maji, na msiimbe kwa nguvu zote kabla watu hawajajua noti zao. Nusu saa ya kwanza sisi tunasoma andiko tu kwa sauti, pamoja, bila kinanda.

Sasa hivi tuko kwenye "Hakika ameyachukua masikitiko yetu", Isaya 53, kwa ajili ya Ijumaa Kuu. Haleluya hatujaigusa tena, solfa zake ziko kwenye faili, tutazitoa tukishafika kwenye kufufuka.