Elfu tatu mbele ya elfu hamsini: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Uliniuliza ilikuwaje jeshi la Waingereza la watu elfu tatu likawashinda watu elfu hamsini pale Plassey, Bengal, tarehe 23 Juni 1757, na India ikaanza kuponyoka. Nakuandikia kwa sababu simu yako hukatika kabla sijafika popote.

Hao elfu tatu, takriban theluthi mbili yao walikuwa Wahindi, askari wa kulipwa wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Nao wale elfu hamsini, jeshi la Nawab, yaani mtawala wa Bengal, hawakupigana wote. Sehemu kubwa ilikuwa chini ya majemadari wake Mir Jafar, Rai Durlabh na Yar Lutuf Khan, na hao watatu walikaa pembeni wakitazama. Bei ilikwisha kupatana.

Mimi niliyezeeka na daftari za hesabu, ule mkataba wa siri nausoma kama ankara. Kampuni imweke Mir Jafar kwenye kiti cha Nawab kijana, Siraj ud-Daulah. Naye ailipe rupia milioni 10, Waingereza wa Calcutta milioni 5, Wahindu wa mji huo milioni 2, Waarmenia laki 7. Eti fidia, kwa kuwa Siraj aliuteka mji huo mwaka 1756. Matajiri wa Murshidabad, mji mkuu wa Bengal, ukoo wa Jagat Seth uliokuwa ukikopesha watawala, walikuwa wamemchoka Nawab na walikuwamo katika njama.

Kisha kuna Omichund, mfanyabiashara aliyeijua siri akadai fungu lake, la sivyo atatoboa. Robert Clive, kamanda wa jeshi la Kampuni, akaandikisha mikataba miwili: mweupe wa kweli, na mwekundu wa kumhadaa Omichund. Admirali Watson, mkuu wa manowari za Uingereza huko, alikataa kutia saini ule mwekundu, basi saini yake ikaghushiwa. Miaka mingi baadaye Clive aliwaambia wabunge kwamba angelirudia jambo hilo. Karani wangu angefanya hivyo, ningemfikisha polisi siku hiyohiyo.

Vita vyenyewe ni vifupi kuliko maandalizi yake. Mizinga ilinguruma asubuhi, mchana ikashuka mvua kubwa. Waingereza walifunika baruti yao kwa turubai. Ya Nawab ikalowa. Mir Madan, kamanda mwaminifu, alidhani na ya adui imelowa, akasonga mbele, mzinga ukamuua. Siraj akamwita Mir Jafar, akaweka kilemba chake chini mbele yake, akamsihi. Mir Jafar akaahidi, akatoka, akampelekea Clive barua. Jioni Nawab alikuwa mbioni kurudi Murshidabad, na baada ya siku chache akakamatwa na kuuawa. Upande wa Clive walikufa watu 22 hivi. Upande wa pili, waliokufa na kujeruhiwa ni kama 500.

Ukiniuliza mimi, mapigano ya kweli yalikuwa Buxar, magharibi ya Bengal, mwaka 1764. Huko majeshi yalipambana hasa, na mwaka uliofuata mfalme wa Delhi akaipa Kampuni haki ya kukusanya kodi ya Bengal. Tangu hapo bidhaa za kupeleka Ulaya zikanunuliwa kwa kodi ya wakulima walewale waliozizalisha, bila Kampuni kuleta fedha nyingi kutoka Uingereza. Plassey iliwapa Waingereza hazina, na Nawab wa kuwekwa na kuondolewa: Mir Jafar mwenyewe deni lilimshinda, akaondolewa 1760, akarudishwa 1763. Clive peke yake alizawadiwa kiasi cha pauni 234,000.

Ulitaka kujua pia kama kampuni iliyotawala hapa Mombasa ilikuwa hiyohiyo. Hapana. Ya Mombasa ilipata hati ya kifalme mwaka 1888, mapato yakawa haba na gharama zikaielemea, hata serikali ya Uingereza ikaichukua nchi mwaka 1895. Haikuwa na Bengal ya kuitoza kodi.

Msalimie mkweo, na wajukuu wangu wabusu.

Mamako