Ulizeni Fundi: Kofia ya mashine isikudanganye

Watu hucheka wakisikia kwamba karakana iliyoko Pasua, Moshi, inatengeneza mashine za boti. Waje Jumatatu asubuhi waone. Kando ya pampu za kumwagilia na mashine za kumenyea kahawa hazikosekani mbili tatu zinazonuka samaki, zimeshushwa kwenye Noah kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu au Ziwa Jipe. Mwezi huu barua tatu zimeuliza habari za mashine hizo, tena za zamani. Wenye pampu mtanisamehe hadi toleo lijalo.

Shikamoo Fundi. Marehemu baba yetu alifanya kazi Tanga, akastaafu akarudi nyumbani na mashine ya boti. Imekaa stoo ya mahindi tangu 2003. Kofia imeandikwa Evinrude, lakini kwenye kibati cha pembeni nasoma J25RLCR, kisha herufi moja imeliwa na kutu. Ndugu zangu wanataka tuiuze kwa kilo. Ni mashine gani hii, na nikitaka kuiwasha nianzie wapi? Msomaji, Tengeru.

Marahaba mwanangu. Kwanza mtu wa mizani asiitwe.

Kofia ni nguo tu. Johnson na Evinrude zilikuwa za kampuni moja ya Marekani, OMC, na kwa miaka mingi mashine zao nyingi zilitofautiana rangi na stika. Kofia ya Johnson ikipasuka, mtu anaivalisha ya Evinrude na kuendelea na safari. Ushahidi uko kwenye hicho kibati, pale bano linapong'ata ubao wa tezi, yaani nyuma ya boti. J ni Johnson. 25 ni hospawa. R maana yake inawashwa kwa kamba, haina stata ya umeme. L ni mguu mrefu: kama inchi 20 kutoka juu ya bano hadi bamba lililo juu ya propela, wakati mguu mfupi ni inchi 15.

Mwaka umo kwenye CR. Kuanzia matoleo ya 1980, OMC waliuficha mwaka ndani ya neno la Kiingereza INTRODUCES. I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, na S ya mwisho ni 0. Kwa hiyo C na R ni 8 na 4. Mashine ya baba yenu ni ya 1984. Ile herufi iliyoliwa inamhusu zaidi muuza spea, isikunyime usingizi. Ingekuwa ya miaka ya 1970 hata fumbo hili lisingekuwepo: Johnson iliyoandikwa 25R73 ni ya 1973, waziwazi.

Kibati chenyewe usikisugue kwa msasa. Nimeona vijana wakifuta namba ya mashine kwa juhudi zao wenyewe. Chukua mswaki wa zamani na maji ya sabuni, kikauke, kisha weka karatasi nyembamba juu yake upitishe penseli kwa ubavu, kama tulivyokuwa tunachora sarafu shuleni. Namba itajitokeza yenyewe. Halafu vua kofia utafute kwenye bloku kizibo cha chuma cha duara, ukubwa wa sarafu. Mashine nyingi za OMC zimegongwa namba hapo pia. Kizibo na kibati vikitofautiana, ujue kichwa, yaani injini yenyewe, kilitoka mashine nyingine, na spea za kichwa utanunua kwa namba ya kizibo.

Sasa kuwasha. Usivute kamba hiyo leo, hata kwa kujaribu. Fungua plagi zote mbili, mimina kijiko cha oili kila tundu, iache siku mbili. Kisha shika flaiwili, lile gurudumu zito juu ya injini, kwa mikono uizungushe polepole kwa mwendo wa saa. Ikigoma, ongeza oili na subira. Nyundo iache sandukuni. Ikizunguka, shusha kabureta: petroli ya miaka hiyo imegeuka gundi ya kahawia, na jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, zimeziba. Mipira ya petroli nunua mipya. Impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, badilisha bila hata kuikagua. Ikikaa imejikunja miaka yote hiyo, mabawa hayanyooki tena. Pointi za kukata umeme wa plagi usizitafute, mwaka huo walishahamia umeme wa kielektroniki.

Oili changanya 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita, au mililita 400 kwa dumu la lita 20. Mashine nyingine za miaka ya 1980 zimebandikwa 100 kwa 1. Usifuate. Na iwe oili ya boti iliyoandikwa TC-W3. Ya pikipiki imepikwa kwa injini inayopoozwa na upepo, hii inapoozwa na maji. (Mwenye Johnson ya miaka ya 1950, yenye mipira miwili ya petroli kwenda kwenye tangi, yeye achanganye 24 kwa 1.)

Ijaribu kwenye pipa lililojaa maji hadi juu ya lile bamba. Usiiwashe kavu hata kidogo, impela inaungua.

Na hapa nikiri langu. Miaka ya nyuma nililetewa mashine ya zamani, nikaitega hapahapa Moshi. Huku juu hewa ni nyepesi, petroli ikawa nyingi kwa hewa, ikitoa moshi na kukohoa. Nikaiwekea jeti ndogo, ikalia vizuri mno, nikajisifu. Mwenyewe akaenda nayo Pangani. Kule ufukweni hewa ni nzito, jeti yangu ikawa inainyima petroli. Wiki mbili baadaye alirudi na pistoni imefungwa kwenye kipande cha kanga, imetoboka katikati, tundu la kupitisha kidole. Hakusema neno, aliifungua tu mezani. Nililipa. Tengeru ni juu zaidi ya Moshi, kwa hiyo mashine ikikohoa kidogo kwenye pipa lako, iache ikohoe. Jeti za kiwandani usiziguse kama unaipeleka Tanga.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mvuvi Nyumba ya Mungu, natumia Yamaha Enduro ya zamani. Nimefungua oili ya gia imetoka nyeupe kama chai ya maziwa. Pia siku hizi inakojoa kidogo sana, yaani maji ya kupooza injini yanatoka kwa shida. Nimeambiwa gia zimekufa. Msomaji, Mwanga.

Salama, mangi. Aliyekwambia gia zimekufa anataka kukuuzia gia.

Oili nyeupe ni oili iliyoingiwa na maji. Vua propela uangalie nyuma yake kwenye shafti. Naweka dau utakuta uzi wa nyavu umejizungusha, umekazana kama waya. Uzi huo ukipata moto hula sili, mpira unaozuia maji, na sili ikishaliwa maji hayabishi hodi. Toa uzi, badilisha sili ya shafti na vile vipete vya kuzibia vya skrubu mbili za oili. Watu huvirudisha vilevile vilivyochakaa, halafu wanashangaa maji yamerudi. Ukipeleka sili dukani, nenda na ile ya zamani mkononi. Kukadiria kwa macho kumeshaniletea sili tatu zisizoingia.

Kujaza oili kuna utaratibu wake. Tumia gia oili namba 90, na uisukume kupitia tundu la chini hadi itokee tundu la juu. Ukimimina kutoka juu unafungia hewa ndani, unadhani umejaza kumbe nusu. Ikishatokea juu, funga skrubu ya juu kwanza, ndipo utoe pampu uzibe ya chini haraka. Fanya safari mbili, kisha legeza ya chini utoe matone machache kwenye kiganja. Yakiwa safi, tandika nyavu. Yakiwa na weupe, maji yanapita pengine, niletee.

Kukojoa kidogo ni jambo la pili, usilichanganye na la kwanza. Chomeka waya mwembamba kwenye tundu la mkojo kabla hujafungua chochote. Bwawani kwenu kuna tope na majani. Ikibaki vilevile, ni impela. Kuirudishia, paka sabuni ya maji ndani ya nyumba yake, zungusha shafti kwa mwendo wa saa huku unaisukuma, mabawa yalale upande mmoja. Na kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia kwenye shafti kisikuponyoke mchangani. Moshi hakipatikani, utakisubiri kutoka Mwanza.

Nimenunua mnadani chuma cha ajabu: tangi dogo la shaba juu, bomba refu, propela chini, hakina kofia. Imeandikwa British Seagull. Nimeweka sebuleni, lakini mtoto anataka tuiwashe. Gia yake nayo ina oili nyeupe. Imeharibika? Msomaji, Njoro, Moshi.

Haijaharibika. Hiyo haijawahi kuwa na kofia, ndivyo Waingereza wa Poole walivyoitengeneza. Na nimetoka kumwambia mwenzako wa Mwanga kwamba oili nyeupe ni ugonjwa. Kwa Seagull ni tabia. Sanduku lake la gia halina sili ya maana, maji huingia na kuchanganyika, na ilipangwa hivyo. Weka oili nzito ya gia, namba 140, uibadilishe mara kwa mara.

Petroli yake, kwa zile za zamani, ni 10 kwa 1: mililita 100 za oili kwa lita. Itatoa moshi hadi majirani waje kuuliza. Tangi la shaba lisugue kwa limau na majivu, linarudi kung'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Mtoto asimame mbele yako, asiwe nyuma. Kamba ya Seagull huzungushiwa kwa mkono juu ya flaiwili, na ukivuta inachomoka yote na fundo lake. Fundo hilo lilimpata msaidizi wangu chini ya jicho. Nyingi pia hazina gia ya kusimama: ikiwaka tu, propela inazunguka. Ifunge kwenye ubao mzito, pipa lijae, na usivae kanzu.