Doppler inataka unyoofu

Wadogo zangu mnaoanza eko ya moyo, yaani kupima moyo kwa mawimbi ya sauti, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja hapa Unguja au Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, nitakalowasisitizia mpaka mnichoke ni pembe kati ya mwale wa proba, kile kifaa tunachokiweka kifuani, na damu inayopita.

Doppler, kipimo cha kasi ndani ya eko, husoma kasi ya damu inayoifuata proba au kuikimbia kwa njia iliyonyooka. Tuseme vali ya aota, mlango wa mshipa mkuu utokao moyoni, imebana, damu inapita kwa mita 4 kwa sekunde. Mwale wako ukiingia kwa pembe ya digrii 60, skrini itakuonesha mita 2. Na tofauti ya presha kati ya pande mbili za vali tunaipata kwa kuzidisha kasi kwa kasi, kisha mara 4: palipostahiki milimita 64 za zebaki utaandika 16. Mgonjwa mwenye vali mbovu sana anarudishwa nyumbani kuwa hana kubwa. Hili linaniuma kila nikilifikiria. Basi msitosheke na dirisha moja, yaani sehemu moja ya kuweka proba. Pimeni kutoka nchani mwa moyo, pimeni upande wa kulia wa kifua, na kwenye kishimo cha juu ya kidari, mchukue kasi kubwa kuliko zote yenye mchoro safi.

Mlazeni mgonjwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa. Moyo hukaribia ukuta wa kifua na pafu hupisha. Akija mama na buibui lake, mwelezeni kwanza mtagusa wapi na kwa nini. Mlango ufungwe, kanga iwe tayari, na awepo mwanamke mwenziwe chumbani. Mtu aliyejikunja kwa haya picha yake haitoki vizuri, na haki yake ya stara haiondoki kwa kuwa anaumwa.

Asilimia ya damu inayosukumwa na chumba cha chini kushoto cha moyo kila pigo kwa kawaida ni 52 hadi 72 kwa mwanamme, 54 hadi 74 kwa mwanamke. Tazameni kwanza kwa macho kama kuta za chumba hicho zinanenepa na kuingia ndani. Jicho na namba zikipingana, rudieni kuchora ukingo wa chumba, kwani mashine hukokotoa mstari mliouchora nyinyi.

Kwenye ripoti andikeni presha ya mgonjwa, mapigo yake, na dirisha lililotoa ile kasi kubwa. Mtu wa Micheweni huenda akapimwa tena Unguja, na atakayempima lazima aanzie hapo hapo.