Glock au Beretta?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi nanunua mchele Mbarali, narudi Mwanjelwa usiku na hela za watu. Leseni ya bastola nimeshapata, ila nimekwama kati ya Glock 19 na Beretta 92FS. Nichukue ipi?
Baba Neema, Mbeya

JIBU: Marahaba. Zote zinakula risasi za milimita 9 na magazini inaingia 15, hapo ni ngoma droo. Tofauti utaisikia kiunoni, Beretta inakaribia kilo nzima bila risasi, Glock ni gramu 600 hivi maana bodi yake plastiki, we kaa kwenye Noah mpaka Uyole na lile zigo limekuchoma mbavu ndo utanielewa. Ila Glock haina swichi ya usalama pembeni, usalama wake uko hapohapo kwenye kifyatulio, ukivuta imetoka, kwa hiyo usiitumbukize mfukoni hivihivi, itafutie ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Beretta swichi inayo, lakini nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga, ikiwa chini ule mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, mwenye vidole vifupi anahangaika kweli.

Mi ningebeba Glock. Shika zote kwanza. Halafu hizo hela si utume kwa simu jamani?